Rais Akikataa Kufuata Sheria, Nani Atamuuliza?

Kila tukikaa barazani kuna mtu huniuliza: "Kwani Rais akikataa kufuata sheria, nani atamfanya nini?" Swali zuri. Chukua Katiba yako, fungua Kifungu cha 131. Kinamwambia Rais aiheshimu na ailinde Katiba, na ahakikishe haki za binadamu na utawala wa sheria vinalindwa. Hapo hakuna hiari.

Wakumbuka ile kesi ya majaji? Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41. Kifungu cha 166 kinasema Rais atawateua kulingana na mapendekezo ya tume, basi. Yeye akayakalia. Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwambia hana uwezo wa kukataa. Akaendelea kuyakalia. Juni 2021 akateua 34. Mmoja alikuwa ameshafariki, na sita akawaacha nje. Hao sita waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Muda wote huo wewe mwenye kesi ya shamba unaahirishiwa tu.

Je, hiyo yatosha kumng'oa Rais? Kifungu cha 145 kinataja ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, sababu nzito za kuamini ametenda uhalifu, na mwenendo mbaya uliokithiri. Katiba haikueleza "mkubwa" ni kiasi gani. Manake wanaopima ni wabunge wetu. Mimi naona kupuuza korti mwaka mzima ni kukubwa, lakini maoni yangu si kura. Hoja yataka wabunge 117 kuianzisha, 233 kati ya 349 kuipitisha, kisha maseneta 45 kati ya 67.

Watu husema haiwezekani. Mbona Oktoba 2024 wabunge 281 walimpigia kura Naibu wa Rais Rigathi Gachagua aondoke, na Seneti ikamaliza kazi siku tisa baadaye? Utaratibu ni ule ule. Wakitaka, wanaweza.

Kwa hivyo mtu akikamatwa na saa 24 zipite hajafikishwa kortini, usimlilie Rais peke yake. Mwandikie mbunge wako na seneta wako, umuulize amefanya nini. Weka nakala. 2027 si mbali.