Habari za Nchi ya Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa, na Utawala Wake

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



 Huenda mwingine akauliza: watumishi wa serikali wana haja gani na habari za milima na mito, ikiwa kazi yao ni barua, hesabu na madaftari? Jawabu letu ni hili. Mtumishi hupelekwa mahali kwa barua ya uhamisho, naye hufika akakuta mipaka imekwisha kuchorwa, kata zina majina yake, na ushuru una kiwango chake. Asipojua mipaka ile ilitoka wapi, wala nchi yenyewe imeumbwaje, atatawala karatasi tu. Jambo hili laonekana Mbinga na Nyasa wazi kuliko mahali pengi, kwa kuwa huko mlima mmoja umegawiwa wilaya mbili.

Tuanze na nchi yenyewe. Wilaya za Mbinga na Nyasa zipo upande wa magharibi wa Mkoa wa Ruvuma. Kwa pamoja, kusini zapakana na Msumbiji, mashariki na Songea, kaskazini na Ludewa ng'ambo ya mto Ruhuhu, na magharibi ni Ziwa Nyasa. Katikati yasimama milima ya Umatengo, ambayo vilele vyake vyafikia kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe lipo kiasi cha mita 475 tu. Kwa hiyo mtu ashukaye kutoka mji wa Mbinga hadi Mbamba Bay, safari isiyozidi kilomita 70, hutoka katika baridi na mashamba ya kahawa, akafika penye joto, mihogo na mitumbwi.

Ziwa hili lina kina cha mita 706 hivi, na aina za samaki zilizomo ni nyingi kuliko za ziwa jingine lolote duniani. Lakini kwa mtu wa Liuli au Lituhi, samaki wa kwanza kutajwa ni usipa, yule mdogo aanikwaye juani, kisha mbasa.

Twaomba msikilize habari ya maji, maana ndiyo itakayotuongoza hata mwisho wa mazungumzo haya. Mto Ruvuma huanza katika milima hiyo ya Umatengo, ukaenda mashariki hata Bahari ya Hindi. Vijito vya upande wa pili wa milima hushuka ziwani, na maji ya ziwa hutoka kwa mto Shire, yakaingia Zambezi, kisha baharini. Basi mvua moja ikinyesha juu ya mgongo wa Umatengo hugawanyika safari mbili. Hata leo, katika mabonde tisa ya maji ambayo nchi yetu imegawanywa, milima hii imo katika mawili: bonde la Ziwa Nyasa, na bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Watu nao walikuwa na njia mbili. Watu wa pwani, Wanyasa, Wampoto na Wamanda, njia yao ilikuwa maji. Wamisionari wa Kianglikana wa U.M.C.A. waliweka makao yao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na kutoka huko walizunguka pwani kwa meli, wakifundisha na kujenga shule. Mmoja wao, William Percival Johnson, aliishi ziwani miaka mingi, akafa mwaka 1928, akazikwa Liuli. Watu wa milimani, yaani Wamatengo, njia yao ilikuwa ya miguu kuelekea mashariki. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na baadaye Litembo. Hivyo watu wa pwani walitazama Likoma, ambayo leo ni ya Malawi, na watu wa mlimani walitazama Songea. Tofauti hiyo haikuletwa na chuki. Ililetwa na meli na njia.

Liuli palikumbwa pia na mambo ya dunia. Zamani za Wadachi paliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lake linalofanana na sanamu ya Misri. Mwezi wa Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilivuka ziwa, ikaishambulia meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa hapo kwa matengenezo. Basi vita vya mataifa ya Ulaya vilibisha hodi katika kijiji cha wavuvi siku chache tu baada ya kutangazwa.

Sasa tutazame jinsi watu walivyojitawala kabla ya boma. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walifika kutoka kusini ya Afrika, wakaimiliki nchi ya Songea. Wamatengo waliosukumwa walishikilia milima, na katika miteremko mikali iliwapasa kulima bila kuupoteza udongo. Kilimo chao chaitwa ngolo. Majani hukatwa na wanaume na kupangwa juu ya ardhi mfano wa nyavu. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila chumba cha wavu na kuyafunika majani yale. Matokeo yake ni matuta yenye mashimo katikati. Mvua ikija, maji hukaa shimoni badala ya kukimbia na udongo, na majani yaozayo hulisha maharage, na baadaye mahindi. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika habari za kilimo hiki katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lakini serikali haikujifunza kila mahali. Huko Uluguru watu walishurutishwa kuchimba matuta yasiyowafaa, na mwaka 1955 pakatokea ghasia. Umatengo hapakuhitajika shuruti, kwa kuwa elimu ilikuwa ya wenyewe.

Na nchi hiyo waliigawaje? Mgongo wa mlima mmoja, ulio kati ya kijito na kijito, huitwa ntambo. Kwa desturi kila ntambo ilikuwa ya ukoo mmoja: juu msitu, katikati nyumba na mashamba ya ngolo, chini bustani za bondeni na maji ya kunywa. Watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na katika mlo huo walizungumza habari za mashamba, wakaamua magomvi, wakawafundisha vijana. Baraza hilo laitwa sengu. Mabwana na Mabibi, tukilipima kwa vipimo vya kazi yetu, hiyo ilikuwa serikali ya mahali iliyotimia: ina mpaka unaoonekana kwa macho, ina wananchi wanaojuana, na ina mkutano wa kila siku usio na posho.

Juu ya hiyo zilikuja serikali nyingine. Wadachi walijenga boma Songea mwaka 1897, nao wakatoza kodi. Vita vya Majimaji vilipozimwa, walinyonga wakuu wa Wangoni 67 pale Songea, tarehe 27 Februari 1906. Waingereza walileta sheria ya tawala za wenyeji ya mwaka 1926, na Umatengo ukawa chini ya mtawala wake, wa ukoo wa Makita. Kahawa ilienea katika miaka ile, na mwaka 1936 kikaandikishwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo.

Baada ya uhuru, machifu waliondolewa katika utawala mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikashika mahali pao. Mwaka 1969 Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichoanzia Litowa katika nchi ya Songea, na ambacho wanavijiji wenyewe walikiongoza, kilifutwa. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zilivunjwa, na kazi zao wakapewa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa. Hesabuni: katika miaka 13 mkulima wa Litembo aliona chifu, halmashauri na chama kikuu cha kuuza kahawa vikiondoka, kimoja baada ya kingine, na hakuna hata kimoja kilichoondolewa kwa kura yake. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri na ushirika pia, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Lakini imani iliyokatwa hairudi kwa tangazo la Gazeti la Serikali.

Mbinga, iliyokuwa sehemu ya Songea, ilikuwa imekwisha kuwa wilaya. Hesabu ya watu ya mwaka 2002 ilionyesha watu 404,799. Mtu wa Liuli aliyetaka jambo la wilaya ilimpasa apande mlima. Hivyo mwaka 2012 pwani ilipofanywa wilaya ya Nyasa, makao yake Mbamba Bay, watu wa ziwani walikuwa na haki ya kufurahi. Hesabu ya mwaka huo ilitoa watu 353,683 kwa Mbinga na 146,160 kwa Nyasa. Hatusemi mgawanyo ule ulikuwa mbaya. Twasema kwamba kalamu iliweza kugawa watu, majengo na mishahara. Maji haikuweza kuyagawa. Maji hufuata mkondo.

Shamba la ngolo likiachwa na mteremko ukalimwa bila mashimo, udongo wake hautabaki Mbinga. Utashuka hata kwenye midomo ya mito, penye maji ya kina kifupi, mahali samaki wanapozalia. Aliyepoteza udongo ni raia wa halmashauri moja, na mvuvi ni raia wa nyingine. Hali kadhalika makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011, yatoka katika nchi ya Mbinga, na bandari ya Ndumbi iliyokusudiwa kuyapitisha ipo ufukoni mwa Nyasa. Faida na vumbi havikuuliza mpaka.

Basi sisi watumishi yatupasa nini? Twatoa mashauri matatu.

La kwanza, tujue ntambo kabla ya kushika sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Ni sheria njema. Lakini milimani, ambako vijito vimekaribiana, mita 60 huku na mita 60 huku zaweza kumeza bustani yote ya bondeni ya mama mjane. Ofisa akienda na kamba ya kupimia pekee atapata maneno makali, na usiku miche itang'olewa. Akienda kwanza kwa wazee wa ntambo, watamwonyesha chemchemi ipi ndiyo mama wa kijito, na mahali gani miti yapasa kurudishwa kwanza.

La pili, tuupe heshima mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria, kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe wake, na halmashauri ya kijiji yenye watu 15 hadi 25 hujibu mbele yake. Kati ya mwaka 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilifanya kazi Umatengo pamoja na wataalamu wa Kijapani. Katika kijiji cha Kindimba watu walijenga mashine ya kusaga iendeshwayo na nguvu za maji, na kamati yao wakaiita Sengu. Mashine ile ilihitaji kijito kisichokauka, na kwa hiyo miti ya vyanzo vya maji ikapata watetezi wasiolipwa. Hayo hayakuletwa na amri. Yaliletwa na baraza la kale lililopewa kazi mpya.

La tatu, halmashauri za Mbinga na ya Nyasa zikutane, kwa kuwa sheria yaruhusu mamlaka mbili kuunda kamati ya pamoja. Agenda yake ya kwanza iwe kijito kimoja tu, kutoka chemchemi hata ziwani, na wajumbe wake watoke kila kijiji kinachokunywa maji yake. Na katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria ya mwaka 2018 yaagiza itengwe kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vikundi vya miche ya mlimani na vya kuanika usipa pwani vyaweza kusaidiwa katika mpango mmoja.

Tukifanya hivyo hatutahitaji kufuta wilaya wala kuchora ramani upya. Barabara ya lami imekwisha kushuka kutoka Mbinga hata Mbamba Bay, na ofisa wa huku aweza kufika kwa mwenzake asubuhi na kurudi kabla ya jua kuchwa. Kilichobaki ni kuandika barua ya kwanza ya mwaliko, nayo ni kazi tuijuayo vema.