Mtoto Aliyeomba Mayi

Wazee wetu wa meza ya mbele, shikamooni. Wakenya, mko salama? Ndugu zetu wa Bukavu na Uvira, jambo! Ukumbi umejaa hadi mlangoni, na watoto wanakimbizana kule nyuma. Waacheni wakimbie, maana habari zao ndizo zilizonisimamisha hapa.

Kwanza nimshukuru mwenyekiti na kamati yake. Niwashukuru akina mama waliokesha na masufuria ya pilau. Harufu imetupokea tangu kituo cha basi. Na mzee wetu uliyekuja na mkongojo wako katika baridi hii, Mungu akuongezee umri. Ulinipokea mimi pia, miaka ile, ukanipa koti la marehemu mkeo. Sijasahau.

Nilifika Uingereza mwezi wa Januari. Saa kumi na moja jioni giza limeshatanda, na mimi natoka kusafisha ofisi. Baridi niliivumilia. Kilichonitesa ni ukimya. Kwetu Tanga huendi hatua ishirini hujaamkiwa na mtoto. Hapa nilimaliza wiki tatu bila mtoto hata mmoja kuniita shangazi, nikawa nalia usiku kama niliyefiwa.

Ndipo nikapata kazi ya jikoni kwenye chekechea. Palikuwa na mvulana wa miaka mitatu, mtoto wa wakimbizi. Walimu walikuwa wameandika kwenye faili lake kwamba hasemi. Miezi minne, kimya. Siku moja akaja mpaka kwenye sinki, akanivuta aproni: "Mayi. Mayi." Wenzangu wakadhani anamlilia mama yake. Mimi nilisoma na watoto wa Kigoma waliokuwa na jamaa ng'ambo ya ziwa, nikaelewa. Mtoto ana kiu! Nikamjazia kikombe, akanywa chote, akapumua, kisha akaanza kusema. Alisema mpaka mama yake akaja kumchukua. Kumbe maneno alikuwa nayo siku zote. Msikilizaji ndiye aliyekosekana.

Siku ile niliamua kusomea kazi ya kulea watoto. Nilipopiga simu nyumbani, kaka yangu akaniuliza: umevuka bahari kwenda kuwa yaya? Najua wengi humu mmewauliza binti zenu swali hilohilo. Daktari sawa, mhasibu sawa, lakini mlezi wa watoto tunaona haya kumtaja mbele za wageni. Jamani! Hapa England sheria inataka mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, na mmoja kwa watano wa miaka miwili, maana kazi yenyewe ni nzito. Mlezi ndiye anayeliona jeraha chini ya fulana na kujua amwambie nani siku hiyohiyo. Mama anamwachia roho yake mlangoni asubuhi, anaenda zake kazini.

Na nafasi zipo. Tangu Septemba 2025 serikali inawalipia wazazi wanaofanya kazi malezi ya mtoto, saa 30 kwa wiki, wiki 38 za mwaka, kuanzia muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miezi 9. Watoto hao wanahitaji watu wa kuwapokea. Sina muda mrefu, kwa hiyo haraka haraka: utahitaji cheti cha DBS, kile cha kuangalia rekodi ya uhalifu, na ukiwa umekaa nchi nyingine huenda ukadaiwa na cheti cha polisi cha huko, kwa hiyo alama za vidole anzeni mapema. Kuna uanagenzi, unasoma huku unalipwa, mpaka Leveli ya 3. Wenye viza ya masomo, hesabuni kwanza saa mnazoruhusiwa. Mengine tutaongea pembeni.

Nanyi wanaume msijifiche nyuma ya akina mama. Kijana wa miaka 15 anayegombana na baba yake, baba kwa Kiswahili, mtoto kwa Kiingereza, anamhitaji mwanamume mzima anayezijua lugha zote mbili. Mashule yanawatafuta watu hao. Vituo vya vijana vinawatafuta. Nendeni!

Niseme na hili, mnivumilie. Mkongo akisema mayi, sisi tunacheka. Mkenya akifungua kinywa, Mtanzania anamsahihisha. Kila Desemba tunakodi kumbi mbili, mmoja wa Watanzania tarehe 9 na mwingine wa Wakenya tarehe 12, ilhali darasa letu la Kiswahili la Jumamosi limekufa kwa kukosa kodi ya chumba kimoja. Watoto kumi na mmoja walikuwa wanakuja. Niliwahesabu mwenyewe, na siku ya mwisho mmoja wao aliniuliza kama wamekosa nini. Wazee, mnisaidie kumjibu.

Nitakaa pale karibu na birika la chai mpaka saa tatu usiku. Anayetaka kuanza aje na vyeti vyake vya nyumbani, cha kidato cha nne, cha ualimu, hata kile kilichokunjikakunjika mfukoni. Tutavikunjua pamoja tuone vinafungua mlango gani. Na anayekubali kuchangia kodi ya kile chumba, daftari ninalo, kalamu ninayo.