Meza ya Ofisi: Mambo ya Kutazama Kabla Fedha Haijatoka Mkononi

(Mada iliyotolewa mbele ya wafanyabiashara wadogo na wanavikundi wa Temeke)



Tumeombwa tuzungumze juu ya uchaguzi wa meza ya ofisi. Huenda wapo miongoni mwenu waliotarajia kwamba watu wa ofisi yetu wangekuja na jambo zito zaidi, kama vile dawa bandia au mizani iliyochezewa. Lakini kwa mtu anayefungua fremu yake ya kwanza ya uchapaji au ya uwakala wa fedha kule Mbagala, Tandale au Mbezi, meza mara nyingi ndiyo ununuzi mkubwa kuliko wote baada ya kompyuta na kodi ya pango. Tena ndicho kifaa atakachokikalia kutwa nzima kwa miaka.

Tuseme mapema kwamba tunaikusudia meza ya ofisi, yenye watoto wake, yaani droo. Neno dawati tumeliepuka kwa makusudi. Tangu mwaka 2016, nchi nzima ilipohimizwa kuchangia madawati ya shule, ukilitaja neno hilo watu huona benchi la wanafunzi watatu.

Tuanze na mama mmoja aliyefika kwetu akiwa na kipande cha mbao ndani ya mfuko wa kitenge. Alikuwa amepokea mgao wake wa kikoba, akaenda kwa fundi wa kando ya barabara na kuagiza meza ya mninga ya futi 5 kwa 2 na nusu, yenye droo tatu. Alitanguliza zaidi ya nusu ya bei. Wiki tatu alizoahidiwa zikawa saba. Meza ilipokuja iling'aa kwa wekundu wa mninga, naye akamaliza deni siku hiyohiyo. Masika yalipoingia droo zikakwama na uso wa meza ukapasuka kwa urefu. Alipoitoa droo kwa nguvu, ubao wake ulivunjika, na ndani ulikuwa mweupe. Ulikuwa msindano uliopakwa rangi.

Tulimwita fundi naye akaja, jambo ambalo si wote hulifanya. Hakukana kwamba ni msindano. Alisema kwamba alichoagizwa ni meza ya rangi ya mninga, na kwamba kwa bei ile hata ubao wa juu peke yake usingepatikana kwa mninga halisi. Mama alisema hakulitamka kamwe neno rangi. Karatasi haikuwapo. Ushahidi pekee ulikuwa ujumbe wa simu ulioonyesha kiasi cha fedha kilichotumwa, bila kusema kilitumwa kwa ajili ya nini. Mwishowe fundi alikubali kubadilisha uso na droo kwa msindano uliokauka vizuri, na shauri likaishia hapo. Mama hakuridhika, nasi hatukuridhika. Lakini hatukuwa na cha kushika.

Hatulisimulii jambo hili ili kuwachafua mafundi. Keko, hapahapa Temeke, pamejengewa jina na maseremala kwa miaka mingi, na VETA Chang'ombe huwafunza vijana ufundi. Wala msindano wenyewe hauna kosa. Mbao nyingi za msindano tunazozitumia hutoka Mashamba ya Miti ya Sao Hill, Mufindi, na meza ya msindano uliokauka na kutiwa dawa ya wadudu yaweza kumtumikia mtu muda mrefu. Ubaya ni kuuziwa msindano kwa bei na jina la mninga.

Basi utautambuaje mti? Rangi ya nje haisemi kweli. Itoe droo, igeuze, uangalie upande ambao haukupakwa vanishi. Inama utazame chini ya uso wa meza. Mninga hauna weupe wa msindano, na mkongo ni mzito kiasi kwamba mtu mmoja ataona shida kuinyanyua meza yake. Njia iliyo bora kupita zote ni kumwambia fundi asipake chochote mpaka umefika kuiona meza ikiwa nyeupe, yaani kabla ya rangi. Hapo utaona vifundo, nyufa zilizozibwa kwa gundi na unga wa mbao, na vitundu vya wadudu vyenye vumbi laini. Utaona pia iwapo miguu imeungwa kwa ulimi na tundu au imepigiliwa misumari tu. Fundi mwaminifu hatachukia. Anayekataa kabisa, amekwisha kukupa jibu.

Ukaguzi huo una uzito wa kisheria pia. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kazi anayoikusudia, huku akiutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo usiseme tu "nataka meza". Sema: nataka meza itakayobeba kompyuta na mashine ya kuchapa, katika chumba kinachopigwa deki kila asubuhi. Lakini sheria hiyohiyo haimlindi mtu dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Aliyeikagua meza na kuuona ufa hawezi kuulalamikia kesho. Tena aliyeipokea na kukaa nayo kimya kwa muda mrefu huhesabiwa kuwa ameikubali. Ukiona kasoro, sema siku hiyo, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Vipimo navyo vina mitego yake. Mafundi wetu huhesabu kwa futi na inchi, na ubao uitwao moja kwa nane haubaki inchi moja baada ya kupigwa randa. Hilo ni la kawaida. Uliza unene baada ya randa. Nenda na futikamba yako. Pima fremu, kisha pima mlango. Tumeshuhudia meza ikisimama nje kwenye guta, mlango umeikataa, na fundi akiikata miguu palepale barabarani.

Kwa kimo, meza nyingi huwa na sentimeta 72 hadi 76. Kimo hicho kwa mtu mfupi anayechapa kutwa nzima ni kikubwa. Keti kwenye kiti utakachokitumia, nyayo zote zikiwa sakafuni, kunja viwiko kama herufi L, kisha mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Kibao cha kuchapia kinapaswa kuwa karibu na kimo hicho. Ikiwa meza imezidi, inua kiti na uweke kibao cha kukanyagia. Mabega yanayouma jioni mara nyingi yameumizwa na tofauti ya sentimeta chache tu. Hakikisha pia magoti yana nafasi. Droo ya katikati hupendeza machoni, lakini huyabana mapaja.

Sasa meza za dukani, zile za ubao wa vumbi la mbao lililoshindiliwa na kufunikwa karatasi ngumu. Ni nafuu, ni nyepesi, huja zimefungwa katika boksi. Adui yake ni maji. Miguu yake ikisimama kwenye sakafu inayopigwa deki, hufura kama andazi, na ikishafura hairudi. Tazama kama kingo zote zimefunikwa utepe, hata za chini zisizoonekana, na kama miguu ina vikanyagio vya plastiki. Uso wa unene wa milimita 16 wenye urefu wa futi 4 utapinda katikati ukibebeshwa mzigo daima bila mhimili chini yake. Jua pia kwamba skrubu zake hazipendi kufunguliwa na kufungwa mara kwa mara. Anayehamahama fremu afikirie meza ya miguu ya chuma. Nayo chuma, kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu, ikaguliwe kwenye viungo vya kuchomelea kama rangi imefika kila mahali.

Kuhusu malipo, gawanyeni mara tatu: sehemu ya vifaa mwanzoni, sehemu meza ikiwa nyeupe na umeiona, na iliyobaki siku ya kuipokea. Andikeni kwenye daftari, kurasa mbili zinazofanana, kila mmoja abaki na yake: aina ya mti kwa uso, miguu na droo, kila kimoja peke yake; vipimo; kitasa na idadi ya funguo; bei; tarehe; sahihi. Dukani dai risiti ya mashine.

Mambo yakiharibika, anza kwa muuzaji, kwa maandishi. Asipokusikia, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyoiunda Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, nawe unaweza kupeleka malalamiko. Madai ya fedha hupelekwa pia Mahakama ya Mwanzo. Kote huko swali la kwanza utakaloulizwa ni karatasi iko wapi.

Pale nyuma tumeweka droo nne, mbili za msindano na mbili za mninga, zote zimepakwa rangi moja. Kabla ya maswali, tunaomba kila mmoja apite, azigeuze, na atuambie ni zipi.