Divai, Njugu na Machungwa

Leo somo letu ni juu ya divai na vitu vya kutafuna.

Huko Sakharani, karibu na Soni, wapo watawa Wabenediktini. Shamba lao linajulikana kwa divai na kwa njugu za makadamia. Vitu hivi viwili vyapatana. Kwa nini? Divai ina ukali, njugu ina mafuta, na mafuta huutuliza ule ukali kinywani. Hata korosho na karanga hufanya hivyo.

Na chungwa letu la Muheza? Ukila tunda tamu kisha ukanywa divai isiyo na sukari, divai huonekana chachu. Basi chungwa lataka divai tamu.

Sasa sikilizeni neno kubwa. Pombe ikikuta tumbo tupu, huingia upesi katika damu. Chakula huichelewesha, lakini hakiiondoi. Tembo la mnazi ni vivyo hivyo. Kwa hiyo dereva asinywe, wala mama mja mzito, hata wakila njugu debe zima.

Karanga zenye ukungu zitupeni. Sumu yake hudhuru ini, na kukaanga hakuimalizi.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni: DIVAI, NJUGU, INI. Kwaherini.