Mlango Usiobishwa Hodi

Ndugu zetu Waislamu mliopo msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani. Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tunawausia, na nafsi zetu tunaziusia, kumcha Yeye katika amana alizotupa. Na mtoto ni amana iliyo kubwa.

Katika Suratun-Nur tumefunzwa adabu ya kubisha hodi. Mgeni haingii nyumbani mpaka aruhusiwe. Na hata watoto wa nyumba wasiobaleghe huomba ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya Isha. Hapa Mwamapalala ni nani asiyeijua hodi? Mgeni husimama uani, huita, hungoja. Lakini simu yenye intaneti, tuliyoinunua kwa fedha ya pamba, huwaingiza watu chumbani mwa mtoto baada ya Isha, na baba hana habari kwamba nyumba ina mgeni.

Mgeni huyo haanzi kwa ubaya. Huanza kwa salamu, akasifu, akamtumia mtoto vocha. Kisha huomba picha ya kawaida, halafu huomba ya aibu. Akishaipata, sauti hugeuka: lete nyingine, au lete fedha, ama sivyo itasambazwa kwa watu wote. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu Tanzania, uliotolewa mwaka 2022, ulikadiria kwamba watoto 200,000 wa umri wa miaka 12 hadi 17 walifanyiwa dhulma ya kingono kwa njia ya mtandao katika mwaka mmoja tu. Wala tusidhani kwamba mdhalimu lazima atoke ng'ambo. Huweza kuwa mtu ambaye mtoto anamjua, na pengine hata sisi tunamwamkia.

Basi silaha yake ni ipi? Ni fimbo yetu. Mtoto ajuaye kwamba akisema atachapwa, hunyamaza. Na ukimya huo ndio mdhalimu anaoutegemea. Tuseme kweli, wazee wenzetu: mara ngapi tumemkabidhi mtoto simu ili atuache tuzungumze, kisha tukamkemea kwa yaliyomo?

Nanyi wanafunzi, mkitishwa, msilipe wala msitume picha nyingine. Msiufute ujumbe, kwani ni ushahidi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu mwenye kusambaza picha chafu za watoto. Mwambieni mama, au shangazi, au mwalimu. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, na kuipiga ni bure. Na Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Nasi wazazi, mtoto akija na neno hilo, tumkalishe karibu, tumsikilize mpaka amalize, ndipo tuulize. Na kuanzia usiku wa leo, baada ya Isha, simu zote za nyumba zilale mahali pamoja, ya baba ikiwamo.