Mwanga wa Ubavuni: Kupiga Picha Mawe ya Kale ya Bonde la Ufa



Wengi wetu hapa Naivasha tunaishi kwa kamera: harusi, watalii wa Hell's Gate, viboko wa ziwani. Leo naomba tugeukie mawe. Pembeni mwa mji wa Nakuru kipo kilima cha Hyrax Hill, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 akafukua makaburi na mabaki ya makazi ya kale. Anayefika pale mchana hurudi na picha ya nyasi na rundo la mawe, akasema hapana kitu. Kitu kipo, ila jua la utosini limekifuta.

Tuko karibu na ikweta. Saa sita vivuli hujificha chini ya mawe, na ukuta uliopangwa bila chokaa huonekana kama kokoto zilizomwagwa. Ombeni ruhusa ya kuingia saa moja asubuhi. Mwanga ukipita ubavuni, kila jiwe hujitenga na jirani yake, na mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani (naam, watu walicheza bao pale juu) hujitokeza safu kwa safu. Kukiwa na mawingu, shikeni tochi chini, sambamba na mwamba. Chaki msiiguse kabisa. Inaharibu mwamba, tena inachora kile mpiga picha anachodhani kipo.

Kila pembe ipigwe mara mbili: na rula ya kipimo, kisha bila rula. Andikeni pia kamera ilielekea wapi, na hapo pana mtego. Kule Kalokol, Turkana, zipo nguzo 19 za mawe ziitwazo Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba zilipangwa kufuata nyota. Mwaka 1982 mtafiti mwingine, Robert Soper, alipima upya, akaeleza kwamba mawe yenyewe yana sumaku na yalivuta sindano ya dira. Mjadala mzima ukafunguka tena. Kwa hiyo dira, hata ile ya simu, isiwekwe juu ya jiwe. Simameni mbali, mpime tena kwa jua.

Nguzo za namna hiyo ni alama za makaburi. Lothagam, penye nguzo kama hizo huko huko Turkana, watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba wamezikwa watu wasiopungua 580. Nasema kwa uchungu: kumpandisha bibi harusi juu ya mawe hayo ni kumkanyaga maiti wa mtu. Na kwa mawe yaliyo vichakani bila mlinzi, ondoeni alama ya mahali kwenye picha kabla ya kuisambaza, maana wachimbaji wezi nao wana simu.

Napendekeza tuanzie Hyrax Hill wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi. Tupige pembe zilezile kila mwaka, na nakala moja tuikabidhi makumbusho ya palepale.