Siku ya Tatu ya Mgeni: Warundi wa 1972 na Ukomo wa Ukimbizi



Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipoeleza misingi ya Ujamaa, akionyesha kwamba kwa wazee wetu ukarimu na kazi havikutengana. Leo naomba tuiulize swali ambalo yenyewe imelinyamazia. Mgeni akishapewa jembe, akalima, akavuna, akawazika wazazi wake katika ardhi hiyohiyo, anaacha lini kuwa mgeni?

Nitalijibu kwa kufuata historia ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Dai langu ni kwamba ugeni hauishi kwa sababu miaka imepita, wala kwa sababu mgeni amempenda mwenyeji. Unaisha pale mwenyeji anapotamka kisheria kwamba umekwisha. Asipotamka, mtu atazaliwa, ataoa na atazeeka huku bado anaitwa mkimbizi.

Jembe lilipotolewa

Mwishoni mwa Aprili 1972 maasi yalizuka kusini mwa Burundi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoendelea kwa miezi. Wahutu ndio waliowindwa, na waliotangulia kuuawa walikuwa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Makadirio mengi yanataja waliouawa kuwa zaidi ya watu 100,000. Walionusurika walitawanyika Zaire, Rwanda na Tanzania, baadhi kwa mitumbwi, baadhi kwa miguu.

Tanzania iliwapeleka mbali na mpaka, kwenye mapori ya miombo ya Tabora na ya Mpanda. Yalianza makazi ya Ulyankulu, yakafuata Katumba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 yakafunguliwa Mishamo. Mapori hayo yalikuwa na watu wachache kwa sababu ya mbung'o na malale. Wakimbizi waliyafyeka, wakapanda mahindi, maharage na mihogo, kisha tumbaku ya kuuza. Kazi hiyo ilisimamiwa na serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na TCRS, shirika la Kikristo lililokuwa likiwahudumia wakimbizi nchini tangu 1964. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wafadhili walikwishakabidhi makazi yote matatu kwa serikali, kwa kuwa wakazi wake walikuwa wakijilisha wenyewe. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo ya wanaowatumikia wakimbizi, na alistahili.

Wasikilizaji wa rika langu waliwafahamu watu hawa kabla ya kujua habari zao. Nani kati yetu hakusikia kanda za Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu? Nyimbo zake zilipigwa majumbani na kwenye mabasi, Tanzania na Kenya, na wengi tuliimba bila kujiuliza ni mahali gani hapo ambapo barabara huitwa kwa namba. Ni makazi ya wakimbizi. Sauti zao zilizunguka Afrika Mashariki nzima, ilhali mkazi wa huko akitaka kutoka nje ya makazi ilimpasa kuomba kibali kwa Mkuu wa Makazi.

Hapo ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Jembe lilitolewa, ardhi ikatolewa, shule na zahanati zikajengwa. Lakini mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1980 alihesabiwa mkimbizi kama baba yake, ingawa hakuwahi kukimbia kitu chochote.

Namna mbili za kuishi ugenini

Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na mjini Kigoma, akauchapisha mwaka 1995 katika kitabu Purity and Exile. Watu wake wote walitoka katika janga lilelile, lakini aliwakuta wameshika njia mbili.

Wa Mishamo walijitambulisha kuwa wakimbizi na hawakuona haya. Walisimuliana historia ya Burundi na ya mauaji kwa mpangilio uliokaribia kuwa somo la shule, wakijiona taifa lililo uhamishoni ambalo siku moja litarudi. Wa Kigoma mjini walikuwa na haraka nyingine. Waliwaoa na kuolewa na wenyeji, wakawa Waislamu au Wakristo kufuatana na mtaa, wakabadili majina ilipobidi, na neno mkimbizi hawakulitaka karibu nao.

Ni rahisi kuwasifu wa kundi moja na kuwalaumu wa jingine, kwamba hawa wameshindwa kuzoea au wale wameisahau asili. Mimi naona makundi yote mawili yalikuwa yakijibu swali moja ambalo serikali ilikuwa haijalijibu. Aliyewekwa kando kwa kibali na mpaka wa makazi aliufanya ukimbizi wake kuwa heshima, kwa kuwa ndicho kitambulisho alichoachiwa. Aliyechanganyika mjini aliuficha, kwa kuwa kutambuliwa kulimaanisha kurudishwa makazini.

Kuficha huko kuna gharama. Marc Sommers, aliyewachunguza vijana wa Kirundi waliotoroka makazi na kufanya kazi katika cherehani za Dar es Salaam, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 Fear in Bongoland. Hofu iliyomo katika jina hilo ni ya kila siku: lafudhi isije ikakuponza, jirani asije akauliza kijiji chenu kiko wilaya gani, ugomvi mdogo wa kodi ya chumba usije ukafika polisi. Kijana wa namna hiyo anakijua Kiswahili cha mjini vizuri kabisa, ila hawezi kukitumia kudai haki.

Wala hofu hiyo haimkamati mgeni peke yake. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu sana, na Waha wa Kigoma ni raia tangu enzi. Hata hivyo malalamiko yao kwamba hutakiwa kuthibitisha uraia kila wanaposafiri yamefika mpaka bungeni. Wakati wa Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowaondoa wahamiaji katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, walikuwamo watu walioishi hapa miaka mingi na kuzaa hapa. Nchi inayowaacha baadhi ya wakazi wake bila jibu huishia kuwatilia shaka hata raia wanaofanana nao.

Tamko

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na Umoja wa Mataifa, ziliamua kuimaliza hali hiyo. Wakazi wa makazi ya zamani, takriban watu 218,000, waliulizwa wanachotaka. Kama mmoja kati ya watano alichagua kurudi Burundi, waliobaki wakaomba uraia wa Tanzania.

Waliorudi, zaidi ya 50,000, walijifunza kwamba hata nyumbani mtu huweza kuwa mgeni. Maeneo kama Rumonge yana ardhi nzuri ya michikichi, na mashamba ya waliokimbia yalikuwa yameshikwa na watu wengine kwa zaidi ya miaka 30. Watoto wao waliosoma kwa Kiswahili waliingia madarasa ya Kirundi na Kifaransa.

Waliobaki walipata jambo ambalo mataifa tajiri hayajalifanya mara nyingi kwa kiasi hicho: kufikia mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Tulipongezwa duniani kote. Kisha likaja sharti. Makazi yangefungwa, raia wapya wangehamishiwa mikoa mingine, na vyeti vingetolewa baada ya kuhama. Watu hao walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania hawakuwa nao mkononi. Nani atapiga lipu nyumba aliyoambiwa ataihama? Nani atapanda miembe? Ilipofika Oktoba 2014 serikali iliachana na sharti hilo na kuanza kugawa vyeti, wenye navyo wakiruhusiwa kukaa walipo. Kutoka 1972 ni miaka 42.

Deni lililobaki

Wapo watakaosema nchi yetu si tajiri na imebeba mzigo mkubwa. Ni kweli. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja tu, na misitu ya Ngara haikuwahi kuwa ileile. Mwaka uliofuata tulifunga mpaka na Burundi, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikaweka kambi mahali pa makazi. Lakini tulinganishe. Wa 1972 walipewa ardhi, na baada ya miaka michache walijilisha na kuuza tumbaku. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, imeishi kwa mgawo wa unga na mafuta ya kula, na waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Mzigo ni mzito zaidi pale tunapomnyima mgeni jembe na jibu kwa pamoja.

Napendekeza, basi, kwamba sheria yetu iweke kikomo cha ukimbizi. Baada ya muda uliotajwa, kila mkimbizi ajue kwa tarehe kama atarudi kwa hiari yake, atapewa ukaazi au atapewa uraia, na mtoto aliyezaliwa hapa asirithi hadhi ya ukimbizi kana kwamba ni ukoo. Muda wenyewe tuujadili: miaka 10, miaka 15. Kinachoumiza zaidi ya urefu wake ni kutokujulikana kwake. Nacho chuo chetu kina sehemu yake: katika kozi zetu za historia ya Tanzania, Ulyankulu, Katumba na Mishamo ziingie kama historia ya Watanzania, si kama tanbihi ya historia ya Burundi. Wajukuu wa waliofyeka mapori yale wamo katika madarasa yetu, na wana haki ya kuisoma habari ya babu zao chini ya jina la nchi yao.